Daktari alimtundikia dripu kabla ya kujua ugonjwa: je, nilikosea kumkimbiza usiku?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora, hapa Tanga. Baba watoto ana miaka 47 na anaumwa saratani ya tezi za limfu. Dozi za kemo anachomewa Dar es Salaam kila baada ya wiki tatu. Tunapanda basi alfajiri, tunalala huko siku moja au mbili, tunarudi. Amemaliza dozi mbili. Ya tatu ni wiki mbili kutoka leo, ndiyo maana nakuandikia kwa haraka, unisamehe nikiruka-ruka.

Dozi ya kwanza ilipita salama, nywele tu zilipukutika. Baada ya ya pili, siku ya tisa, kwenye saa kumi jioni akaanza kusema anasikia baridi. Jua la Tanga unalijua, Shangazi, yeye anaomba blanketi. Nikampa panadol mbili, ikatulia. Magharibi ikarudi, nikampa tena mbili. Saa mbili usiku akawa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Mavyaa, ambaye tunaishi naye, akasema hiyo ni malaria, apelekwe zahanati ya jirani. Tukaenda. Wakamtoboa kidole, malaria hakuna. Wakasema ni uchovu wa zile dawa kali, akapumzike, tukiona vipi turudi asubuhi.

Tulipofika nyumbani nikakumbuka nesi mmoja kule Dar alituambia, tena tukiwa mlangoni tunatoka, "Homa ikipanda, msilale nayo." Saa tano usiku nikampigia kijana wa bajaji, tukaenda hospitali kubwa. Daktari alikuwa anaandika bila kunitazama, lakini niliposema "yuko kwenye kemo" akaweka kalamu chini. Wakamtoa damu mkono wa kulia, wakamtoa na wa kushoto, wakaijaza kwenye vichupa, na hapo hapo wakamtundikia dripu ya antibayotiki. Hakuna aliyekuwa anajua anaumwa nini! Tulilala pale siku tano. Kwenye karatasi ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, daktari alizungushia kalamu mahali palipoandikwa 0.2 akasema, "Mama, hii ndiyo sababu."

Siku ya tatu majibu ya damu iliyooteshwa yakaja: hakuna kimelea chochote. Tatizo langu limeanzia hapo. Shemeji, mdogo wake mume wangu, ni mwalimu wa sekondari kule Muheza, mtu wa kusoma. Anasema tulitibu kitu ambacho hakikuwepo, na kwamba antibayotiki za bure ndizo zinazofanya dawa ziwe sugu. Mavyaa naye anasema mimi sina subira, tena kama ni vijidudu basi vimetoka kwenye nyumba yangu chafu. Anataka safari hii homa ikija tusikimbilie hospitali, aandikiwe kombe na achanjwe chale kwa mtu anayemwamini. Na friji tuliliuza ili kulipia zile siku tano, kwa hiyo kila akitaka maji ya baridi ni maneno.

Mume wangu mwenyewe ndiye ananivunja moyo zaidi. Amenunua sipro, vidonge vya antibayotiki, dukani, ameziweka kabatini. Anasema, "Homa ikija nitameza zangu nilale. Mkinipakia bajaji usiku narudi kwa miguu."

Kuna jambo sijamwambia mtu. Toka anaanza baridi mpaka tunafika hospitali ni saa saba zilipita, na panadol zile nilimpa mimi. Nikikumbuka silali. Je, nilikosea kumpeleka, au nilikosea kuchelewa? Na hii dozi ya tatu nifanyeje?

Mama Watatu, Makorora

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Kumpeleka hukukosea. Suala la kuchelewa tutalizungumzia, ila kwanza nishughulike na shemeji, maana hoja yake ndiyo inayowapa wengine nguvu.

Shemeji yako si mjinga. Analosema ndilo tulilolihubiri sisi wauguzi miaka nenda rudi, na mimi nimelihubiri wodini mpaka magoti yaliponistaafisha: usimeze antibayotiki kwa kila homa, pima kwanza, jua unatibu nini. Kwa mtoto mwenye mafua, kwake yeye shemeji, kwangu mimi, hiyo ndiyo kanuni. Kosa lake ni kumhesabu kaka yake katika kundi letu, na kaka yake kwa sasa hayumo.

Nikueleze kwa kitu ambacho kila mtu wa Tanga anakijua. Kidole kikichomwa mwiba wa mkonge, kesho yake kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapwita, na baada ya siku mbili tatu kinatunga usaha. Ule usaha, kwa sehemu kubwa, ni maiti za chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Zimekwenda pale kupigana na bakteria, zimekufa zikipigana nao. Uvimbe, wekundu na maumivu vinatokana na vita hiyo hiyo. Sasa mchome mwiba mtu asiye na nyutrofili. Kidole kitabaki kizuri tu, huku bakteria wanapanda mkono kimya kimya.

Mtu mzima mwenye afya huwa na nyutrofili kama 1,500 na kuendelea katika kila mikrolita moja ya damu, ambayo ni kitone kidogo mno. Mashine za maabara huandika kwa maelfu, kwa hiyo ile 0.2 iliyozungushiwa kalamu ni 200. Zikishuka chini ya 500 daktari anahesabu kwamba mgonjwa hana ulinzi, na kadiri anavyokaribia 100 hali inakuwa mbaya zaidi. Kemo inaua seli zinazozaliana haraka. Saratani ni mojawapo, lakini kiwanda cha damu kwenye uboho wa mifupa nacho kinazalisha usiku na mchana, kwa hiyo kinapigwa pamoja nayo. Kwa dozi nyingi za aina yake nyutrofili hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda zenyewe. Baba watoto alipata homa siku ya tisa. Hakuna kalenda ambayo ingeweza kutabiri vizuri zaidi ya hapo.

Kwa mtu wa namna hiyo nimonia inaweza isitoe makohozi, na picha ya kifua ikaonekana safi. Mkojo ukiwa na maambukizi, maabara haioni usaha ndani yake. Jipu halivimbi. Kinachobaki ni homa, na mara nyingi ndiyo dalili pekee mtakayoipata. Ndiyo maana madaktari wameiwekea mpaka mkali: ikipimwa mdomoni ikafika 38.3 hata mara moja, au ikakaa kwenye 38 kwa saa nzima, mgonjwa huyo ni wa dharura sawa na mtu anayevuja damu. Dozi ya kwanza ya antibayotiki ya mshipani inatakiwa iingie ndani ya dakika 60 tangu afike mlangoni. Siyo akishaonwa na bingwa kesho asubuhi.

Paa la makuti likishika moto huanzi kuuliza nani katupa kijinga cha moto. Unamwaga maji, habari za nani utazijua baadaye.

Na huo si uvumbuzi wa daktari wenu wa zamu. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake huko Marekani walifuatilia wagonjwa wa saratani ya damu, wakaona kwamba kadiri chembe hizi zinavyopungua, na kadiri zinavyokaa chini kwa muda mrefu, ndivyo maambukizi yanavyozidi. Miaka hiyo utaratibu ulikuwa ule ule anaoutaka shemeji: toa damu, otesha, subiri jibu, ndipo utibu. Wagonjwa waliokuwa na bakteria aitwaye Pseudomonasi kwenye damu, wengi walikufa kabla karatasi ya maabara haijafika wodini. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake wakatangaza matokeo ya kufanya kinyume. Waliwapa wagonjwa dawa mbili, karbenisilini na jentamaisini, mara tu homa ilipoanza, majibu yafuate nyuma. Wengi wakapona. Dawa zimebadilika tangu wakati huo, siku hizi utasikia piperasilini na tazobaktamu, sefepimu, seftazidimu au meropenemu, kulingana na kilichopo kwenye stoo, lakini mpangilio ni ule wa 1971. Shemeji kwa kutokujua anaturudisha 1970.

Sasa hilo la "hakikuota kitu". Kuotesha damu ni kuchukua damu kidogo na kuiweka kwenye chupa ya chakula cha bakteria, halafu kusubiri waongezeke mpaka waonekane. Wakiwa wachache sana, au kama maambukizi yako kwenye utumbo na si kwenye damu ile iliyotolewa, chupa inabaki tupu. Kwa wagonjwa wenye homa na nyutrofili za chini, walio wengi chupa zao hazioteshi kitu. Wanaootesha huwa kama robo au pungufu. Kwa hiyo karatasi yenu tupu ni jambo la kawaida kabisa, na haithibitishi kwamba hapakuwa na ugonjwa. Mtu aliyeingia akitetemeka na nyutrofili 200, akachomwa dawa, akatoka kwa miguu yake siku ya tano. Mwambie shemeji akupe majibu mengine ya maabara yanayozidi hayo.

Halafu umtazame yule daktari alivyofanya kazi. Alitoa damu mikono yote miwili kabla ya kutundika dripu. Hiyo ndiyo nidhamu ya dawa anayoililia shemeji. Kimelea kikiota, wanabadili wanaweka dawa inayokilenga hicho tu. Kisipoota, homa ikiondoka siku mbili na nyutrofili zikipanda, wanasimamisha. Homa ikiendelea siku nne mpaka saba wakati dawa inaingia, wanaanza kufikiria fangasi. Kila siku kuna mtu anayeamua kama dawa iendelee au isimame. Usugu unalelewa na zile sipro za kabatini ambazo hakuna anayezihesabu.

Na tuzifikie hizo sipro, maana ndizo zinazonitisha kuliko kombe.

Baba watoto amesikia mahali, na si uongo, kwamba wapo wagonjwa wa kemo wanaotibiwa homa kwa vidonge. Kweli wapo. Daktari anawapima kwanza kwa alama: umri, presha, hali ya mapafu, kama ameishiwa maji, amelemewa kiasi gani. Jumla ni 26, na mwenye 21 na zaidi anahesabiwa hatari yake ni ndogo. Huyo anaweza kupewa sipro pamoja na amoksilini yenye klavulanati, dozi ya kwanza anaimeza mbele ya wauguzi, anakaa wamwangalie saa kadhaa, na anarudi nyumbani endapo tu ana mtu wa kumwangalia, ana simu na hakai mbali. Wanatumia dawa mbili kwa sababu sipro peke yake ni dhaifu kwa streptokokasi wanaoishi mdomoni, na mdomo wa mtu wa kemo mara nyingi una vidonda. Hata seftriaksoni, ile sindano ambayo zahanati nyingi huikimbilia, haimwezi Pseudomonasi. Mtu anayetetemeka mpaka kitanda kinalia hajipimi alama mwenyewe akiwa chini ya blanketi. Akimeza sipro, homa ikashuka nusu, atalala. Ikitokea presha imeanguka saa tisa usiku, nani atajua?

Kuhusu malaria nitasema kidogo. Tanga malaria ipo, na kumpima ni sawa, mpimeni kila mara. Lakini kipimo kikisema hapana, safari haijaisha, kama mlivyoona. Kikisema ndiyo, bado haijaisha! Kipimo kile cha haraka kinaweza kubaki na mstari wiki kadhaa baada ya malaria kupona, na mtu anaweza kuwa na malaria na bakteria usiku mmoja. Kwa mgonjwa huyu vyote viwili vinatibiwa pamoja. Waliowarudisha nyumbani waliona jibu la kidole wakasahau kuuliza ameanza kemo lini.

Mavyaa sasa. Nimecheka kidogo kwa hilo la nyumba chafu, unisamehe, maana hata mimi niliwahi kuambiwa. Bakteria wanaowashambulia wagonjwa hawa, wengi wanatoka ndani ya miili yao wenyewe. E. koli na Klebsiela wanaishi tumboni mwa kila mtu, mwako na mwa mavyaa pia, stafilokokasi wako kwenye ngozi. Kemo inachubua utando wa mdomo na wa utumbo, mlango unabaki wazi, nao wanapita kuingia kwenye damu. Ungepiga deki kwa maji ya zamzam wangepita tu. Nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji, kachumbari na samaki asiyeiva vizuri viache siku hizo za katikati, machungwa yenu ya Muheza yaoshe kabla ya kumenya. Mwenye mafua asiingie chumbani. Zaidi ya hapo usijitese.

Kombe siligombi. Nimezaliwa pwani, najua mama anapoandikisha kombe anamwombea mwanawe kwa njia anayoijua, na kumwambia aache ni kumwambia akae mikono mitupu. Maji ya kuoshea yawe yaliyochemshwa, sahani iwe safi, na anywe akiwa kitandani hospitali, dripu ikiwa imeshaingia. Kombe halina haraka, linasubiri.

Chale ni hapana. Hapo usilainike hata kidogo. Wembe juu ya ngozi ya mtu mwenye nyutrofili 200 ni kumfungulia mlango mwingine, tena kemo hushusha na chembe zinazogandisha damu, anaweza asiache kutoka damu. Kwa sababu hiyo hiyo asichomwe sindano mtaani, asipigwe bomba la dawa za majani, asiwekewe dawa njia ya haja kubwa wala kupimwa joto huko. Utando wa pale ni mwembamba na bakteria wamejaa. Asipewe pia diklofenaki, aspirini wala brufeni bila daktari wake kuruhusu.

Ila usiende kumwambia haya wewe. Mkaza mwana akimfundisha mavyaa, hata akiwa sahihi, ni ugomvi wa mwaka mzima. Wewe nunua kipimajoto cha dijitali, hakina bei ya kutisha, mpe yeye mkononi. Mwambie, "Mama, mimi nina watoto na jiko, nitasahau. Wewe ndiye utakayempima asubuhi na jioni, na usiku akisikia baridi, na ukisema twende, tunaenda." Umpe na daftari la kuandika. Kipimajoto cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, kwa hiyo cha kwapani kikigonga 38 msikae kusubiri kiongezeke. Nimeona mama wakwe waliogoma kwa kila jambo wakageuka kuwa askari wa zamu kwa sababu ya kipimajoto tu. Na mwanamke wa miaka hiyo akishasema "twende", nionyeshe mtoto wake wa kumbishia.

Mwelezeni pia kwamba homa si lazima iwepo. Dozi nyingi za saratani ya tezi huja na vidonge vya predinisoloni, na hivyo vinaweza kuificha. Akitetemeka, akipumua haraka, akiongea maneno yasiyoeleweka, akilegea au akisikia kizunguzungu kila akisimama, nendeni hata kama kipimajoto kinasoma 37.

Nakuja kwenye zile saa saba.

Sitakwambia hazikuwa kitu, ungejua nakudanganya. Zilikuwa nyingi, na panadol ndiyo iliyozinunua: ilishusha joto, ikakupa moyo, bakteria wakaendelea na kazi yao. Lakini uliyempa panadol hukuwa mtu uliyejua ukapuuza. Ulipewa sentensi moja mlangoni, ukiwa na mizigo mkononi na basi linasubiri, tena ukaikumbuka usiku wa manane baada ya wenye makoti kukwambia ulale. Wengine tuliosomea kazi hii tumeshawahi kuchelewa zaidi ya wewe. Mimi mwenyewe nina mgonjwa mmoja ninayemkumbuka kila mvua za masika zikianza, na sitaandika zaidi. Kuanzia sasa kanuni yako ni fupi: pima kwanza, panadol baadaye, tena hospitali wakishamwona. Mwambie mume wako kuhusu hizo saa. Nadhani atashangaa kwamba umekuwa ukizibeba peke yako.

Yeye naye usimchukulie kuwa mkaidi wa bure. Soma tena barua yako. Kila akitaka maji ya baridi ni maneno. Mwanamume amelala, friji limetoka mlangoni kwa ajili yake, na kila siku analisikia. Nina hakika zile sipro alizinunua ili asiuze jiko. Kwa hiyo mazungumzo yenu yaanze na pesa. Ulizia mapema hospitali ya hapo kwenu dozi ya kwanza inakuwaje, bima inabeba nini, ofisi ya ustawi wa jamii inasaidia nani. Kama una kikoba au mchezo, omba zamu yako iangukie kwenye wiki ya pili baada ya dozi, siku ya 7 mpaka ya 14, ndizo siku zenu za hatari. Kiasi cha bajaji ya usiku kifunge kwenye kitambaa, kisiguswe hata kwa mkate wa watoto. Yule kijana wa bajaji mwambie kabisa tarehe.

Na dozi ya tatu, mnaposafiri, shemeji aende nanyi. Ndiye anayesumbuliwa na swali, basi akaliulize kwa mwenye kulijibu: "Kwa nini mnatibu kabla ya kujua?" Mume wako awepo anasikiliza. Maneno yangu ataambiwa ni ya gazetini, maneno ya daktari wake yatakaa. Kabla hamjatoka, ombeni karatasi iliyoandikwa na kugongwa muhuri: jina la ugonjwa, dawa alizochomwa, tarehe ya dozi ya mwisho, na sentensi kwamba akipata homa apimwe FBP, aoteshwe damu na aanzishiwe antibayotiki ya mshipani papo hapo. Itieni kwenye mfuko wa nailoni pamoja na ile yenye 0.2. Ukifika hospitali Tanga usiku, usianze na foleni wala na historia ya tangu mwaka jana. Sema, "Huyu yuko kwenye kemo, dozi ya mwisho tarehe fulani, ana homa," na utoe karatasi. Wala msifikirie kumkimbiza Dar kwa homa hiyo, ni zaidi ya kilomita 300, saa ya kwanza itawaishia hata Segera hamjafika. Dozi ya kwanza anapata hapo Bombo au hospitali yoyote yenye daktari usiku na dawa za mshipani. Dar watapigiwa simu.

Mkiwa huko Dar muulizeni daktari kuhusu sindano za filgrastimu, ambazo huusukuma uboho uzalishe nyutrofili haraka. Kwa mtu aliyeshapata homa kwenye dozi iliyopita ni swali halali. Anaweza kukubali, anaweza kuona bora apunguze dozi au aisogeze mbele siku chache. Hilo ni lake kuamua, asiyemwona mgonjwa kama mimi hawezi.

Zile sipro usizifiche chini ya godoro, atazipata. Zipeleke famasi ya hospitali wazipokee. Akikuuliza zimekwenda wapi, mwambie Shangazi kazichukua.